Lakers na Kings 2002, mechi ya sita: walibebwa kweli au marefa walichemka?

Kila mtoano wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ukianza kuna mechi moja lazima irudi midomoni mwa watu, nayo ni ile ya tarehe 31 Mei 2002, Staples Center, Los Angeles, Lakers na Sacramento Kings, fainali ya Kanda ya Magharibi, sirizi ambayo wa kwanza kushinda mechi nne ndo anapita. Mtu aliyefuatilia kikapu tangu enzi za Shaq (Shaquille O'Neal, lile jitu la Lakers) ukimwambia tu "mechi ya sita" hakuulizi ya mwaka gani. Nimeamua niichambue mwanzo mwisho maana naona wengi wanaisimulia nusu nusu. Wa upande wa Lakers watakwambia Kings walijimaliza wenyewe mechi ya saba, wa upande wa Kings watakwambia kila kitu kilipangwa kwenye ofisi za ligi New York, na mimi nikiangalia ushahidi wote uliopo hadharani naona hakuna upande uliofika kwenye kiini.

Kings wa mwaka ule jamani walikuwa timu. Ushindi 61, vipigo 21, rekodi bora ya ligi nzima. Chris Webber na Vlade Divac ni watu warefu lakini wanatoa pasi kama viungo, Peja Stojakovic anapiga za mbali, Mike Bibby hana woga dakika za mwisho, Doug Christie anakaba, Bobby Jackson anatokea benchi na moto wake, na kocha Rick Adelman amewaachia wacheze mpira unatembea mpaka adui anachoka kuukimbiza. Upande wa pili kuna Lakers, mabingwa wa 2000 na 2001, Shaq na Kobe na kocha Phil Jackson, wanatafuta la tatu mfululizo. Watu wengi mpaka leo wanasema ile ndo ilikuwa fainali yenyewe ya mwaka, maana aliyekuwa anasubiri kutoka Mashariki ni New Jersey Nets, na kweli Lakers walipofika huko waliwafunga Nets nne bila.

Kabla ya mechi ya sita kuna kitu kilitokea mechi ya nne ambacho watu wanakisahau na kwangu mimi ni muhimu sana. Kings walikuwa wanaongoza kwa pointi 24 kipindi cha kwanza, ugenini. Wakati wa kwenda mapumziko Samaki Walker wa Lakers akarusha mpira kutoka mbali, ukaingia, marefa wakahesabu pointi tatu. Marudio yakaonyesha wazi kabisa kwamba muda ulikuwa umeshaisha mpira bado uko mkononi. Zile pointi zikabaki. Mechi ikaja kuisha kwa ule mpira maarufu wa Robert Horry, Divac kaupiga mpira nje ya eneo kuua muda, ukamfuata Horry kama ulikuwa unamtafuta, akapiga pointi tatu na kengele ikalia, Lakers 100 Kings 99. Tofauti ya pointi moja kwenye mechi ambayo kuna pointi tatu hazikuwa halali! Sisemi Kings wangeshinda moja kwa moja, mpira haupigiwi hesabu hivyo, kila kitu baada ya pale kingeweza kwenda tofauti, lakini kosa lile halina ubishi.

Sasa angalia kilichofuata. Msimu uliofuata, 2002-03, NBA ikaanza kutumia marudio ya video kwa mipira ya mwisho wa robo. Kosa lilipimika, likarekebishwa, na leo hakuna anayesema Samaki Walker alibebwa na ligi, watu wanasema refa hakuona. Shika hapo, nitarudi.

Mechi ya tano Bibby akawamaliza Lakers kule Sacramento, 92-91, Kings wakawa mbele 3-2. Shaq alitolewa kwa faulo sita, na kambi ya Lakers haikuficha hasira yake kwa marefa. Kwa hiyo tunaingia mechi ya sita na hali ni hii: bingwa yuko ukutani, yuko nyumbani kwake, analalamika, na nchi nzima inaangalia.

Marefa walikuwa Dick Bavetta, Bob Delaney na Ted Bernhardt. Sio watoto hawa. Bavetta alikuwa na rekodi ya kutokosa mechi aliyopangiwa tangu aanze miaka ya 70, na mwaka 2015 aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa mpira wa kikapu. Delaney kabla ya kuwa refa alikuwa polisi wa New Jersey aliyejipenyeza ndani ya mafia kwa siri. Nawataja kwa sababu watu wakisimulia kisa hiki wanazungumza kana kwamba waliokotwa njiani.

Robo tatu za kwanza zikaisha 75-75. Ikaja robo ya nne, dakika 12 tu, na hapo ndo kila kitu kilipoharibika. Lakers walipewa mitupo huru, ile inayopigwa baada ya faulo bila kukabwa, 27 kwenye robo hiyo moja. Kings 9. Mechi nzima Lakers walipiga 40, Kings 25, maana yake zaidi ya nusu ya mitupo yote ya Lakers ilitoka ndani ya zile dakika 12. Katika pointi 18 za mwisho za Lakers, 16 zilitoka kwenye mstari wa mitupo huru. Divac akatolewa kwa faulo sita. Scot Pollard aliyeingia kumsaidia kukaba Shaq naye faulo sita, nje. Ikabidi Adelman amuingize Lawrence Funderburke, mtu wa mwisho kabisa kwenye benchi lake la warefu, aende akakabane na Shaq dakika za moto. Hiyo peke yake ni mechi tofauti, maana Kings bila mtu mrefu wa maana ndani Shaq anakuwa anachukua tu, na alimaliza na pointi 41 na ribaundi 17.

Halafu sekunde za mwisho, tofauti ni pointi moja, Lakers wanarusha mpira kuingiza, Kobe anajinasua kwa Bibby na kiwiko kinampiga Bibby puani, Bibby chini, damu zinatoka. Filimbi dhidi ya Kobe haikulia. Mechi ikaisha 106-102.

Nimeitazama robo ile zaidi ya mara moja na nasema kwa moyo mmoja, baadhi ya faulo zile hazikuwepo. Ile ya sita ya Pollard huoni alipomgusa Shaq. Na hili halikusemwa na mashabiki wa Sacramento peke yao. Michael Wilbon wa gazeti la Washington Post, mtu asiye na timu pale, aliandika kulalamikia faulo zile zile za Divac na Pollard. Ralph Nader, yule mtetezi wa haki za walaji aliyegombea urais wa Marekani mwaka 2000, alimwandikia barua kamishna David Stern akitaka uamuzi wa mechi ile uchunguzwe. Kwa hiyo ukiambiwa malalamiko ni ya watu waliofungwa tu, kataa. Macho ya watu yaliona sawasawa.

Lakini kuona kosa ni kitu kimoja na kujua limetoka wapi ni kitu kingine.

Miaka mitano ikapita, watu wakaanza kulizoea donda. Julai 2007 ikatoka habari kwamba FBI inamchunguza refa wa NBA kwa kubeti. Refa mwenyewe Tim Donaghy, misimu 13 kwenye ligi. Na FBI hawakumkamata kwa sababu ya kuangalia mechi, walikuwa wanachunguza familia ya mafia ya Gambino huko New York, jina la refa likajitokeza humo. Donaghy alikuwa anawapa taarifa watu wawili aliosoma nao sekondari, mmoja anabeti mwingine anapeleka ujumbe, na kwa simu walitumia mafumbo, akimtaja kaka huyu wa yule mjumbe maana yake weka timu ya nyumbani, akimtaja kaka mwingine weka ya ugenini. Mwanzoni alilipwa dola 2,000 kwa kila mkeka uliotiki, baadaye 5,000. Agosti 2007 alikiri makosa mawili mahakamani, Julai 2008 akahukumiwa miezi 15 jela.

Sasa sikiliza hapa. Juni 2008, kabla ya hukumu, wakili wake akapeleka barua mahakamani yenye madai ya Donaghy. Ndani yake kuna mechi ya sita ya mtoano, Mei 2002, timu zimeandikwa kwa namba na marefa kwa herufi, na inasemwa wawili kati ya marefa watatu walikuwa watu wa kampuni, waliotaka sirizi ifike mechi ya saba kwa faida ya ligi. Mwaka ule sirizi iliyofika mechi saba ni hii moja tu ya Lakers na Kings, kwa hiyo herufi zile hazikumficha mtu. Unaweza kufikiria Sacramento ilivyolipuka siku ile. Stern akajibu kwamba haya ni maneno ya mhalifu anayetafuta kupunguziwa adhabu. Oktoba mwaka huo huo ikatoka ripoti ya wakili Lawrence Pedowitz, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa serikali zamani, ikisema haikupata ushahidi kwamba refa mwingine alibeti au alipanga mechi.

Hapa ndo wengi wanafunga kesi, kila mtu kwa upande wake. Mimi naomba tupime taratibu.

Kwanza Donaghy mwenyewe. Hakuchezesha mechi ile. Anasema alisikia kwa mwenzake. Na wakati anasema alikuwa anasubiri kufungwa na ana kila sababu ya kuonyesha kwamba uchafu haukuwa wake peke yake. Hiyo haimfanyi muongo, mtu mwenye sababu ya kudanganya anaweza pia kusema kweli, ila kwa ushahidi kama huo peke yake huwezi kumtia mtu hatiani.

Pili, ile hoja ya hela, ambayo kila mtu anaitoa kama imemaliza mjadala, eti NBA ilitaka mechi ya saba kwa sababu ya televisheni. Ukifungua hesabu haikai vizuri. Januari 2002, miezi minne kabla, NBA ilishatangaza mkataba mpya wa matangazo na ABC, ESPN na TNT, miaka sita, dola bilioni 4.6. NBC iliyoonyesha mtoano ule ilikuwa inamaliza msimu wake wa mwisho. Kwa hiyo watazamaji wa mechi ya saba waliinufaisha NBC iliyokuwa inaondoka, wakati dau la mkataba uliofuata lilishajulikana. Na mechi ya saba ilichezwa Sacramento, sio Los Angeles. Hapa kama ningekuwa naendesha kesi ya upangaji ningetafuta sababu nyingine, hii ni dhaifu.

Tatu, na hili ndo ninaloamini mimi. Hakuhitajiki mtu wa kupiga simu. Refa wa NBA hachaguliwi kwa kura, ligi inampima kila mechi, na anayepimwa vizuri ndo anapangiwa hatua inayofuata na mwishowe fainali, ambako kuna heshima na hela. Yeye anajua ligi inapenda nini bila kuambiwa. Ongeza uwanja mzima unapiga kelele, ongeza bingwa aliyelalamika siku mbili nzima, ongeza Shaq ambaye kila akishika mpira chini ya kikapu unaweza ukaita faulo au usiite na vyote viwili vikawa na utetezi, ongeza na Divac ambaye sifa yake ya kujiangusha ilikuwa inajulikana ligi nzima na refa akimuona chini hana haraka ya kumuonea huruma. Mtu mwaminifu kabisa ukimuweka katikati ya hayo yote, filimbi itaegemea upande mmoja na yeye atalala usingizi akijua ametenda haki.

Na hili limepimwa. Mwaka 2012 watafiti watatu wa uchumi, Joseph Price, Marc Remer na Daniel Stone, walitoa utafiti kuhusu marefa wa NBA, na njia waliyotumia ni nzuri sana. Walitenganisha namna mbili za kupoteza mpira. Kuna ile inayotegemea jicho la refa, kama kutembea na mpira au faulo ya mshambuliaji, na kuna ile ambayo refa hana la kuamua, kama pasi mbovu ikanaswa na adui. Kama timu ya nyumbani inacheza vizuri tu kwao basi makosa yote mawili yangepungua sawa. Walichokuta ni kwamba kwenye yale ya jicho la refa upendeleo unaonekana, kwa timu ya nyumbani, kwa timu iliyo nyuma kwenye mechi, na kwa timu iliyo nyuma kwenye sirizi ya mtoano. Kwenye yale mengine hauonekani hivyo. Sasa Lakers usiku ule walikuwa nyumbani na walikuwa nyuma kwenye sirizi 3-2. Mawili kati ya matatu.

Nikiri kwamba mvuto wa namna hiyo kwa mechi moja moja ni mdogo, haufiki tofauti ya mitupo 18 ndani ya robo moja. Robo ile imezidi kipimo hata kwa maelezo yangu, na anayeniambia bado haimtoshi namuelewa. Tukumbuke tu kwamba dakika za mwisho mitupo huongezeka kwa sababu anayefungwa anafanya faulo makusudi kusimamisha saa, kwa hiyo sio yote 27 ni ya kulaumu, ila ukiziondoa hizo bado inabaki nyingi mno.

Kuna jambo kwenye kisa cha Donaghy linaniumiza kuliko yote. Alikiri kubeti mechi alizochezesha mwenyewe, misimu kadhaa, na kati ya maelfu ya mashabiki waliokuwa wanamzomea kila usiku hakuna aliyesema huyu bwana anabeti. Walikuwa wanasema ligi inambeba fulani, ligi inamchukia fulani. Tulikuwa tunatazama upande wa njama kubwa wakati wizi uliothibitishwa ulikuwa mdogo, wa mtu mmoja na washkaji zake, na hata waendesha mashtaka hawakusema walithibitisha kwamba alipuliza filimbi fulani kwa makusudi ili kubadili matokeo, walisema maslahi yake yaliharibu uadilifu wake. Taarifa alizouza zilikuwa za kawaida sana, nani anachezesha leo, refa gani hapatani na mchezaji gani, nani mgonjwa. Fikiria, uhusiano mbaya kati ya refa na mchezaji ulikuwa na thamani ya hela kwa mcheza kamari. Maana yake waliokuwa ndani walijua kwamba hisia za refa zinaingia kwenye filimbi, ila shabiki akisema hivyo anaambiwa ana wivu.

Na hapa ndo namlaumu Stern na ofisi yake. Sio kwa kupanga mechi, hilo sina ushahidi nalo na sitalisema. Nawalaumu kwa ukimya. Kosa la Samaki Walker nililosema mshike lilipimika likarekebishwa, ila ya mechi ya sita hayakupimwa hadharani. Ligi ilikuwa inampima kila refa kila mechi, ina mafaili, na baada ya mechi ya sita mashabiki waliolipa viingilio hawakupewa karatasi hata moja ya kusema faulo hii ilikuwa sahihi, hii ilikosewa. Ukimya ndo uliozaa kila kitu kilichofuata, ukampa Donaghy uwanja tayari, yeye alikuja tu kupanda kwenye shamba lililolimwa.

Kuhusu mechi ya saba tuwe wakweli pia. Tarehe 2 Juni, nyumbani Sacramento, Kings walipiga mitupo huru 30 wakapata 16 tu. Za mbali walipata 2 kati ya 20. Peja aliyekuwa anatoka kwenye jeraha la kifundo cha mguu alipata nafasi ya wazi mwishoni, mpira haukugusa hata chuma. Wakafungwa 112-106 kwenye muda wa nyongeza. Wangepata mitupo michache tu zaidi kabla ya muda wa nyongeza tusingekuwa na mada hii leo. Lakini sikubali mtu anayetumia hili kufuta mechi ya sita, kwa sababu kama mechi ya sita ingechezeshwa sawa huenda ya saba isingekuwepo kabisa. Webber aliumia goti mwaka uliofuata na hakuwa yule tena, timu ikatawanyika, Kings wakaja kukaa misimu 16 mfululizo bila kuonja mtoano mpaka 2023, na Webber ameingia ukumbi wa heshima bila pete ya ubingwa.

Tangu wakati huo NBA imebadilika, tena kwa mengi. 2014 walifungua kituo cha marudio ya video Secaucus, New Jersey. Machi 2015 wakaanza kutoa ripoti ya dakika mbili za mwisho kwa mechi zilizokaribiana, kila filimbi na kila kimya muhimu cha refa vinaandikwa sahihi au kosa, hadharani. 2019 makocha wakapewa haki ya kupinga uamuzi. Kiwiko cha Kobe leo kingeandikwa kesho yake mchana. Ila ile robo ya nne nyingine yote, dakika kumi za kwanza ambazo ndo zimebeba faulo nyingi za Divac na Pollard, ripoti hiyo haigusi. Na alama ya kila refa mwisho wa msimu bado ni siri ya ofisi.

Hilo ndo ningeanza nalo leo, na lina haraka zaidi kuliko 2002, kwa sababu tangu mahakama kuu ya Marekani ifungue mlango wa kubeti Mei 2018 ligi yenyewe ina wabia wa kamari, mpaka vijana wa Dar na Nairobi wanaweka mikeka ya NBA usiku wa manane, na 2024 Jontay Porter wa Toronto Raptors alifungiwa maisha kwa kuhusika na kamari. Hela iliyoko kwenye kila filimbi sasa hivi ni kubwa kuliko aliyoiona Donaghy. Ripoti iwe ya dakika 48 zote, sio mbili, na alama za marefa zitolewe kwa majina.